Machi Niliyowaambia Wangoje

Wanangu, karatasi moja tu, iliyopigwa mashine vizuri na kutiwa muhuri, iliwahi kuharibu mashamba ya mpunga kutoka ng'ambo ya mto hapa Kisangani hadi Ubundu. Karatasi hiyo niliiandika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na kazi ambayo nusu ya mtaa wetu wa Mangobo iliamini ni uchawi: nilikuwa mtu wa météo, mpima hali ya hewa, katika uwanja wa ndege wa Simi-Simi.

Ninyi leo mnatazama mvua kwenye simu mkiwa mmekaa juu ya pikipiki. Sisemi simu zinadanganya. Lakini wengi wenu mtafika mahali ambapo watu watawauliza, "Tufanye nini?" na watafanya vile mtakavyosema. Ndiyo maana nawasimulia habari hii, ingawa si ya kunipa sifa.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Kila baada ya saa tatu mmoja wetu alitoka na daftari hadi kwenye kibanda cheupe chenye mbao zilizoachana kupitisha upepo, akasoma vipimajoto, kisha akainua macho: mawingu gani, mengi kiasi gani, yanatoka wapi. Hayo yote tuliyageuza tarakimu, zikarushwa kwa redio kwenda vituo vingine. Kuona tu na kuandika ulichoona. Utashangaa jinsi jambo hilo linavyomshinda mtu.

Mkuu wetu alikuwa Mbelgiji, Monsieur Willem, mtu mrefu mwenye pua iliyobabuliwa na jua. Wiki yangu ya pili nilikimbia hadi mezani kwake saa kumi jioni, nahema.

"Chef, baromita inashuka! Dhoruba inakuja!"

Alitoa karatasi ya jana, ya juzi, ya wiki nzima, akazipanga mbele yangu. Kila siku mstari ulipanda hadi saa nne asubuhi, ukashuka hadi saa kumi jioni.

"Amisi," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "huku kwenu hewa inapumua. Ukiogopa kila mara inapotoa pumzi, utakufa mapema."

Mara nyingine niliandika mvua nzuri siku ambayo vumbi lilikuwa limejaa barabarani. Maji yalikuwemo katika kipimamvua, kwa nini nisiandike? Monsieur Willem alichovya kidole, akalamba, kisha akanipa na mimi nilambe. Mvua ile ilikuwa na sukari. Mlinzi wa uwanja alikuwa akisuuza kikombe chake cha chai mle. Tangu siku hiyo, kabla ya kuamini kipimo, nilijiuliza kwanza nani amepita karibu nacho.

Uhuru ulipofika tulicheza ngoma siku kadhaa. Kisha wazungu wa ofisi wakaanza kuondoka, wengine bila kuaga. Monsieur Willem aliaga. Alinikabidhi funguo tatu na kitabu kikubwa chenye wastani wa mvua wa kila mwezi, miaka na miaka.

"Kupima nilikufundisha," akasema. "Kutabiri, hapana. Nilidhani tuna wakati."

Bon. Haikupita miezi mingi, mji wetu ukakosana na serikali ya mji mkuu. Tukawa na serikali yetu, askari wetu, redio yetu. Wao walituita waasi, nasi tukawaita wao waasi. Meli za mtoni zikaacha kupanda. Chumvi ikawa kitu cha kunong'onezana. Na kwangu mimi likatokea jambo ambalo hakuna aliyeliona: vituo vya milimani, mashariki, ambavyo vilitutumia habari kila asubuhi, vikanyamaza kimoja baada ya kingine.

Hapo lazima nieleze kidogo. Watu wengi hapa hudhani mvua zetu zinapanda kutoka mtoni. Zile kubwa za Machi, zinazong'oa mabati, hutoka mashariki. Huvimba kwanza juu ya milima, kisha hushuka kwenye tambarare hii ya msitu kama ukuta unaotembea. Kwa hiyo mtu wa Kisangani anayetaka kujua kesho yake, sharti amuulize mtu wa milimani leo yake. Mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Mwisho wa Februari akaja Papa Alimasi, mkuu wa ofisi ya kilimo. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, aliyeanza kukonda kama sisi sote.

"Mwanangu Amisi, redio inataka habari ya hewa ya mwezi wa tatu. Milimani na huku tambarare. Batu ya mupunga bameisha kata miti. Banauliza: bachome sasa, ao bangoje?"

Mnajua kilimo cha mpunga cha msitu wetu. Unafyeka, unaacha miti ikauke, unachoma, unapanda mvua zinaposhika. Ukichoma mapema, miti mibichi inabaki. Ukichelewa, mvua inakulowanishia kila kitu na mwaka umekwisha.

"Wewe unaonaje, papa?" nikamuuliza.

"Miti iko mubichi bado. Tukipata juma mbili ya jua, moto itakula vizuri, mupunga itatoka mingi. Muji iko na njaa, mwanangu. Unipatie juma mbili."

Aliniomba kama mtu anayeomba mafungu mawili ya majani ya pondu sokoni. Nami nilitamani kumpa.

Nilifungua kitabu cha wastani. Kilisema mvua hushika baada ya katikati ya Machi. Mchana huohuo, rubani mmoja aliyetoka mashariki alishuka, akanywa maji mlangoni kwangu, akaniambia kwamba juu ya milima mawingu yalikuwa yamesimama tangu kabla ya adhuhuri, vichwa bapa kama fuawe ya mhunzi. "Mapema sana kwa majira haya," alisema. "Nimezunguka mbali kuyakwepa."

Niliandika maneno yake kwa penseli pembeni mwa rasimu. Kisha nikatazama kitabu, nikatazama rasimu, na nikachukua kifutio.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilifuta. Sikuwa mvivu. Nadhani nilitaka karatasi isiyo na doa. Ilikuwa mara ya kwanza jina la mtu wetu kuwekwa chini ya karatasi ile, na sikutaka juu ya jina langu pawe na "labda". Nikapiga mashine: *Milimani, mawingu na mvua za hapa na pale. Tambarare, jua na ukavu hadi katikati ya mwezi. Wakulima wangoje miti ikauke vizuri ndipo wachome.*

Redio iliposoma, mama yangu alikuwa amealika majirani. Jina langu lilipotajwa alipiga kigelegele, na mzee mmoja akaniuliza kama naweza pia kumpatia tarehe ya mwezi kuandama, maana Ramadhani ilikuwa imeanza na alikuwa tayari amechoka. Nilicheka. Sikuwahi kuwa na furaha kama ya jioni ile.

Siku ya sita baada ya tangazo, saa nane mchana, soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa uwanja, ililala. Ndege wakanyamaza. Mashariki msitu ukawa mweusi, halafu ukatoweka. Nilisimama nje na daftari mkononi, nikaona ule ukuta ukivuka uwanja, na kazi niliyofanya ilikuwa kupima: upepo kiasi hiki, mvua kiasi hiki. Nilipima vizuri sana. Ilinyesha siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata.

Walikuja kunichukua askari wawili. Mkubwa wao, Koporo Likunde, alikuwa kijana msemaji wa Kilingala mwenye sauti ndogo.

"Ni weye Météo? Yaka, kuja. Banasema ulitumwa na adui, uharibu mupunga yetu. Sabotage."

Wanangu, siku zile neno hilo lilitosha. Niliwafahamu watu waliochukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo. Walinifungia katika ghala la mapipa matupu pale Simi-Simi tangu asubuhi hadi alasiri. Nilikaa na harufu ya mafuta nikijaribu kukumbuka dua, na kila dua niliyoianza ilikatikia kwenye maneno ya rubani.

Aliyekuja kufungua alikuwa Papa Alimasi, Koporo nyuma yake. Angeweza kunikana. Hakuna aliyemwona akiniomba zile juma mbili. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Chef," akamwambia Koporo, "huyu mutoto, miye ndjo nilimuomba aseme vile. Kama ni kufunga, utufunge wote wawili. Lakini kama muko na akili, mumupeleke kwa benye mashamba. Bo ndjo batasema."

Koporo akakubali kwamba wao, wenye mashamba, ndio waamue. "Bon," akasema. "Bo ndjo batasema."

Kesho yake mimi na Koporo tulivuka mto, tukapanda treni ya Ubundu, mji ambao bado tuliuita kwa jina lake la kizungu. Nilibeba mkoba wenye vipimajoto viwili. Sijui kwa nini. Labda ili nisifike mikono mitupu. Nilikuwa nimefunga. Koporo alitoa lituma yake, ndizi zilizopondwa, akaanza kula, akaniona, akageuka kula akitazama dirishani. Sikumwomba ageuke. Jambo hilo dogo lilinipa moyo kuliko dua zote za ghalani.

Tulishuka kituo kimoja kabla ya Ubundu, tukatembea njia ya matope. Watu walikuwa wamekusanyika ukingoni mwa shamba kubwa la miti iliyoanguka, majani yamekuwa meusi kwa maji, na chipukizi za kijani tayari zinatoka katikati ya matawi. Koporo akanisukuma mbele.

"Huyu ndjo alisema ku radio mungoje. Munataka tumufanye nini?"

Mzee mmoja alitema mate chini. Kijana mmoja akasema nipigwe fimbo, na wengine wakaguna kukubali. Kisha akatoka mwanamke mwembamba, kitambaa chekundu kichwani, jasho usoni. Aliitwa Mama Feza. Watu wake walitoka Maniema. Alikuwa mjane, na alilisha watu saba kwa shamba lile.

"Ni weye mwenyewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa na kiberiti ku mukono. Siku ile ya radio. Nilikuwa nimeinama nichome. Jirani akaniita: 'Feza, ngoja, Météo amesema.' Nikangoja."

Nikasema ukweli. Nikawaambia habari ya rubani, habari ya penseli na kifutio. Niliyasema nikitazama miguu yangu. Nilipomaliza, yule kijana wa fimbo akapiga hatua, lakini Mama Feza akanyoosha mkono.

"Kumupiga hakutakausha miti," akasema. "Mumupatie mupanga."

"Mama, nimefunga," nikasema. Nilitaka tu ajue sababu nikianguka.

"Bon, funga. Mupanga haifungi."

Watu wakacheka, hata Koporo. Na hivyo ndivyo nilivyopona.

Siku tatu tulikata matawi na kuyainua yasilale chini, ili upepo upite. Mikono yangu ya kushika kalamu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Koporo alikaa siku ya kwanza kwenye kisiki na bunduki yake. Siku ya pili akaiegemeza mahali, akavua shati. Nilining'iniza vipimajoto vyangu kwenye tawi lenye kivuli. Kimoja kilikuwa kikavu, cha pili kilivikwa utambi uliolowa. Hapo kuna siri ndogo ya kazi yetu: vikikaribiana kwa kipimo, hewa imeshiba maji, kimoja kikiacha kingine mbali, hewa ina kiu, nayo itakunywa maji ya kila kitu, hata ya mti.

Siku ya tatu, alasiri, ikapiga mvua kubwa ya ghafla, tukajificha. Wengine walilia. Lakini asubuhi yake kulikuwa na baridi, anga juu limesafika, na vipimajoto vikaanza kuachana. Nilikuwa nimeyaona hayo mara nyingi Simi-Simi: baada ya dhoruba kubwa kupita, hewa huchoka, na hukupa siku moja, pengine mbili.

Mama Feza hakujali vioo vyangu. Alikwenda kutoka rundo hadi rundo akivunja kijiti karibu na sikio lake. Kikinyamaza, alitikisa kichwa. Siku ya pili ya jua, saa sita mchana, akavunja kimoja, kikalia. Akanivunjia kingine sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Lakini mashariki mawingu yalikuwa yameanza kuinuka. Majirani wakabishana. Wengine walitaka kungoja kesho ili pakauke zaidi. Mama Feza akanigeukia mbele ya wote.

"Météo. Weye unasema nini?"

Nawaambieni, wanangu, nilitazama mashariki, nikatazama vipimajoto. Nilitaka anga linipe jibu safi, la kutiwa muhuri. Halikunipa.

"Kama leo itanyesha, sijui," nikasema. "Ikinyesha, sijui saa gani. Lakini najua kesho itakuwa mbaya kuliko leo. Ningekuwa na shamba, ningechoma sasa, kuanzia upande upepo unakotoka, na matawi ya pale pembeni, mahali pa chini, ningeyaacha."

"Ungeacha?"

"Yamelowa mno. Yatakula muda wenu."

Alifikiri. Watu saba walikuwa katika fikira ile. Kisha akatoa kiberiti.

"Bon. Tunachoma."

Moto ulisitasita, ukakohoa moshi mweupe, halafu ukashika. Tulikimbia huku na huku na mienge ya majani ya michikichi, Koporo akiamrisha kwa Kilingala kama yuko vitani. Mashamba mengine yakafuata moja baada ya jingine, moshi ukapanda kote bondeni. Mvua ilitupata jua lilipokaribia kuzama. Kwa Mama Feza sehemu mbili za shamba kati ya tatu zilikuwa majivu. Nilifungua saumu kwa maji ya mvua, nikiwa mweusi kama sufuria.

Sitawadanganya kwamba wote waliokoka. Waliotaka kungoja kesho, mvua iliwanyeshea wiki nzima. Yule mzee aliyetema mate alipoteza shamba lote. Akaenda kukaa kwa binti yake mjini, na kila nilipomwona sokoni Mangobo nilimwamkia, naye aliitikia, basi. Mwaka ule mpunga ulikuwa kidogo. Watu walikula mihogo na wakavumilia.

Koporo alinirudisha kazini, akaandika katika ripoti yake kwamba benye mashamba walikuwa wamesema. Papa Alimasi naye alinisaidia jambo moja: aliwaomba wakuu wa vituo vya reli wanipigie simu ya reli kila asubuhi, wanieleze mbingu zao kwa maneno yao wenyewe. Mmoja alisema "wingu kama kichwa ya mbuzi." Mwingine alisema "mbaya" kila siku, hata jua likiwaka, mpaka nikagundua alikuwa akinieleza hali ya mkewe. Nilijifunza kumsikiliza kila mmoja kwa jinsi alivyo.

Mwaka uliofuata nilipoandika habari ya hewa ya Machi, nilikataa kuiandikia Simi-Simi. Nilikwenda hadi shambani, nikakaa na akina mama, tukaandika pamoja. Redio ikasoma: *Milimani hatuna habari ya hakika. Tambarare, mvua zinaweza kuwahi, zinaweza kuchelewa. Ukipata siku tatu za jua na kijiti kinalia, choma, usingoje redio.* Mtangazaji alinipigia simu kuniuliza kama karatasi ile ilikuwa imekamilika kweli.

Na mvua zikachelewa! Zilichelewa kuliko mwaka wowote niliokumbuka. Mangobo nzima ilinitania. "Météo, mvua yako iko wapi? Umeiuza?" Lakini mashamba yalikuwa yamechomwa, watu walipalilia kidogo wakasubiri, na zilipokuja zikakuta mbegu iko tayari mkononi.

Miaka mingi baadaye, nimeshastaafu, nilikwenda kumzika Mama Feza. Baada ya mazishi wajukuu wake walinitembeza shambani. Tukafika pembeni, mahali pa chini ambapo kumeota msitu mchanga kwa sababu hapakulimwa tena tangu mwaka ule wa moto.

"Pale banaita namna gani?" nikawauliza, ili tu nizungumze.

"Pale? Kwa Météo," akajibu msichana mmoja. "Tangu tulizaliwa banaita vile. Hatujue ni juu ya nini."

Nikatafuta gogo, nikakaa, nikawaambia na wao wakae.